Malezi: Mtoto, Mbwa na Meza ya Watu



Mwezi huu tumeona yafaa tuseme juu ya jambo ambalo wengi hulidharau kwa kulidhani dogo, nalo ni mwenendo wa watoto wetu, na wa mbwa wanaowazunguka, katika hoteli na mikahawa tunamokula.

Kila aijuaye Makambako ajua kwamba mji huo ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma yapita hapo, na hapo ndipo iachanapo na barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni yake humo. Kwa hiyo wapitao ni wengi, na mahali pa kula ni pengi, tangu hoteli kubwa hata vibanda vya mama lishe. Njombe nako, mwendo wa kiasi cha kilomita 60, baridi humfanya mtu apende kuketi penye chai ya moto na supu. Humo hukaa Mwislamu na Mkristo, mwenyeji na mgeni, pengine meza moja. Basi atakaye kujua nyumba zetu zilivyo hana haja ya kubisha hodi. Hututazama tukila na watoto wetu.

Na aonacho ni nini? Katika hoteli moja tulimwona mtoto wa miaka kama sita, baba yake ameinamia simu. Mtoto alipanda benchi, akapiga kelele, akakimbia mbele ya mtumishi aliyebeba sinia la supu ya moto. Kisha akamwendea mbwa aliyelala mlangoni, akamwekea sahani yenye mifupa, mbwa akairamba. Muda si muda, yeye na wenzake wakaokota mawe wakamtupia mbwa yule yule, wakisema kwamba ni najisi. Mwenye hoteli alipolalamika, baba alijibu, “Mwache, mzee, huyo bado mtoto.” Sahani ikarudi jikoni pamoja na nyingine, wala baba hakusema neno.

Neno hilo, “bado mtoto,” ndilo tutakalo kulipima. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka zunguka katika sahani. Mtume hakusema kwamba aachwe kwa kuwa bado ni mtoto, wala hakumfedhehesha mbele ya walaji. Alimfundisha mambo matatu papo hapo: amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar alikuja kusimulia kwamba toka siku hiyo ulaji wake ukawa ndivyo. Utoto, basi, si udhuru wa kutofundishwa. Utoto ndio wakati wenyewe wa kufundishwa.

Hatusemi kwamba mtoto akae kama gogo. Mtume aliirefusha sijda yake kwa ajili ya mjukuu aliyempanda mgongoni, na aliifupisha sala aliposikia kilio cha mtoto mchanga. Lakini huruma ni jambo moja, na kuwaachia watu wengine mzigo wa mtoto wako ni jambo jingine. Supu ile lau ingalimwagika, ingalimuunguza mtoto kwanza, na mtumishi maskini ndiye angalilaumiwa.

Sasa tuje kwa mbwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika ya Mashariki twayafuata, mbwa ni najisi nzito. Chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo, kama ilivyopokewa katika Hadithi ya Abu Huraira. Basi fikirini sahani ile iliyorudishwa jikoni kimya kimya. Mwislamu atakayeketi baadaye atakula katika sahani hiyo naye hajui. Yule baba alikuwa na amana shingoni mwake, nayo ni kumwambia mwenye hoteli ukweli, au kuinunua sahani ile kabisa. Haya ya dakika moja yalimzuia, na deni likabaki kwa watu asiowajua.

Lakini najisi ni hukumu ya tohara. Si ruhusa ya kutesa. Mbwa aliye mkavu akigusa nguo kavu, haikunajisika, kwa hiyo hakuna sababu ya mayowe wala mawe. Mwenyezi Mungu amemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni katika Sura ya Kahf, na katika Sura ya Maida amehalalisha windo la mbwa waliofundishwa. Mtume ametusimulia juu ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mtoto anayempa mbwa sahani ya watu na mtoto anayempiga mawe wana ugonjwa mmoja: wote wawili hawakufundishwa. Na jirani asiye Mwislamu akiwaona wakipiga mawe kwa jina la dini, atadhani dini yetu ndiyo iliyowatuma.

Tena kuna hatari ya mwili. Kichaa cha mbwa kingalipo nchini mwetu, na watoto ni wengi miongoni mwa wanaoumwa. Dalili zikisha kudhihiri kwa mtu, ugonjwa huo takriban hauponi. Mtoto akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile akachanjwe. Na mtoto aliyezoea kipigo kwa kila kosa hulificha jeraha lake. Kwa hiyo mwambieni mapema: ukiumwa, njoo useme, hutapigwa.

Liko na la mwisho. Nyanda zetu hizi zina ulanzi, unaogemwa katika mianzi. Ukiwa mbichi ni mtamu, lakini haukawii kuchacha na kulevya. Wako wazazi wasionywa, lakini huwapeleka watoto baa kwa ajili ya nyama choma na chipsi, au huwatuma kilabuni kumwita mtu. Mtume amekataza kuketi penye meza inayopitishwa ulevi. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imemwajibisha mwenye baa kuhakikisha kwamba mtoto haingii humo. Haifai mwenye baa awe mkali juu ya mtoto wako kuliko wewe.

Basi, enyi wazazi, adabu ya hotelini huanzia mkekani nyumbani. Mfundisheni mtoto Bismillahi, mkono wa kulia, na sauti ya chini, kama Lukmani alivyomuusia mwanawe. Mkiingia mahali pa kula, mketisheni kando yenu, nanyi wekeni simu. Mwambieni asimguse mbwa asiyemjua, wala asimchokoze. Na ninyi wenye hoteli, mifupa iwe katika pipa lenye kifuniko, mbali na mlango, maana mbwa hufuata chakula. Mkitaka thawabu, mpeni mabaki yake nyuma ya uwanja, katika chombo chake mwenyewe.

Katika Sura ya Tahrim tumeamrishwa kujikinga nafsi zetu na watu wetu na Moto. Wengi hungoja mtoto awe mkubwa ndipo waikumbuke amri hiyo, na wakati huo sikio limekwisha kuwa gumu. Twamwomba Mwenyezi Mungu awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu, na atupe sisi subira ya kuwafundisha. Amin.