Mbege, Chupa, na Heshima ya Karani

Twaomba nafasi ndogo katika kurasa hizi tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu hulitenda jioni, wala hawapendi kulisikia likitajwa mchana, yaani kunywa pombe. Hatuji kuhubiri, kwani wahubiri wapo na kazi yao waifanya. Wala hatusemi na wenzetu wasioonja kileo kwa ajili ya dini au ya afya. Hao wana njia yao njema, nasi twawaheshimu. Maneno yetu ni kwa karani yule ambaye hunywa, walakini hana habari ya kile anywacho.

Jumamosi iliyopita, jua lilipopunguza ukali, tulipanda kutoka Moshi mjini pamoja na rafiki yetu mmoja, karani wa idara nyingine, tukaenda katika kihamba cha mama mmoja apikaye mbege. Rafiki yetu alisita njiani. Akasema, "Bwana, mtu wa ofisi akionekana penye kata, watu watasema mshahara umemwishia." Tukamjibu, "Na akionekana penye chupa kumi za mkopo, watasema nini?" Akacheka, kisha akanyamaza, akatufuata.

Mama alitupa vigoda chini ya migomba. Akaleta kata moja iliyojaa, akanywa yeye kwanza funda moja mbele ya macho yetu, kama ilivyo desturi, ili mgeni ajue kwamba alichopewa ni salama. Kisha akampa rafiki yetu, aliyetupita kwa umri, ndipo kata ikaja kwetu. Tukapatana kwamba tusiinywe upesi, bali kila mmoja aseme ulimi wake umeona nini.

Rafiki yetu alisema kwamba kwanza aliona utamu wa ndizi zilizopikwa hata zikabadilika rangi. Baada ya utamu ukaja ukali mdogo kama wa maziwa yaliyoganda, pamoja na chembe za ulezi zilizobaki juu ya ulimi. Mwisho ukaja uchungu, usiokuja kwa nguvu, bali uliokaa nyuma ya koo muda mrefu baada ya kumeza. Sisi tulikuwa tumeona kama yeye, illa tuliona uchungu umezidi kidogo. Tukamwuliza mama sababu yake. Alifurahi sana, akasema, "Ninyi mna ndimi. Wengine hunywa kama ng'ombe penye kijito. Ndizi za safari hii zilikuwa tamu mno, wanangu; nisingaliongeza msesewe mngalikunywa togwa."

Basi, tukamwomba atueleze kazi yake, naye akatueleza tangu mwanzo. Ndizi huachwa zikaiva, humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huwekwa siku kadhaa zikachachuka, ndipo hutiwa maji na kuchujwa. Ulezi nao hulowekwa ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, na hicho ndicho kimea. Kimea hupikwa uji, na uji huo huchanganywa na maji ya ndizi. Magome ya mti wa msesewe ndiyo yatiayo uchungu. Ikiisha kuwa tayari haingoji. Isiponywewa katika siku moja mbili huharibika. Kwa hiyo mpishi hana budi kujua siku ya ndizi kuiva, siku ya ulezi kuchipua, na siku ya wanywaji kuja, na siku hizo zote zikutane.

Wenzetu waliosoma elimu ya viumbe watatambua kwamba mambo haya hayana tofauti kubwa na yale ya Ulaya. Mzungu huchipuza shayiri kama mama huyu achipuzavyo ulezi, kwani chipukizi ndilo liifanyalo wanga igeuke sukari. Hutia maua ya mhopi kama yeye atiavyo msesewe, ili utamu upate mpinzani wake. Hamira ndiyo iigeuzayo sukari kuwa kileo, na jambo hili halikujulikana sawasawa huko Ulaya mpaka Louis Pasteur wa Ufaransa alipolichungua. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuotesha hamira safi ya namna moja peke yake. Kabla ya hapo Wazungu nao walipika kama mama zetu wapikavyo, kwa mazoea, kwa pua, na kwa ulimi.

Imekuwaje, basi, sisi tuione chupa kuwa cheo na kata kuwa aibu? Sababu moja twaijua. Katika siku za ukoloni palikuwa na sheria zilizobagua vileo kwa rangi ya mnywaji. Pombe ya kienyeji ilikuwa ya Mwafrika, na vileo vya Kizungu vikawekewa mipaka asivifikie. Kampuni ya bia ya Nairobi iliundwa mwaka 1922, walakini si kila aliyekuwa na fedha aliweza kuingia dukani na kununua chupa kama apendavyo. Kitu kikikatazwa, huzidi utamu. Mlango ulipofunguliwa, aliyeshika chupa alijiona amepanda daraja. Sheria zile zimekwisha, lakini macho tuliyopewa nazo tungali nayo.

Na tutazame walikofika wale tunaowaiga. Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya bia katika nchi nzima vilikuwa chini ya 100, na bia nyingi ilikuwa ya ladha moja. Ndipo watu wachache wakaanza kuirudia kazi ya mikono. Fritz Maytag alikuwa amekwisha kutangulia mwaka 1965, aliponunua sehemu ya kiwanda kidogo cha Anchor mjini San Francisco, kilichokuwa karibu kufa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha kiwanda kidogo cha New Albion katika Sonoma, California. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia sahihi sheria iliyomruhusu mtu kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila kodi. Kiwanda cha Anchor kilifungwa mwaka 2023, lakini mfano wake ulikuwa umekwisha kuenea: mwaka huo huo vilihesabiwa viwanda vidogo zaidi ya 9,000. Nako Uingereza, mwaka 1971, watu wanne tu waliunda chama cha kuitetea bia ya asili, na chama hicho kingali hai. Wenye vyama na waliangalie hilo.

Leo watu wa nchi hizo hukaa wawili wawili mbele ya bilauri, wakanusa, wakaonja, wakabishana juu ya uchungu na utamu, na hulipa bei kubwa kwa kuwa bia ile imepikwa na mikono ya mtu wanayemjua. Wao wamefanya safari ndefu ili warudi. Sisi hatuna haja ya kurudi, kwani mama zetu hawajaondoka. Wapo pale pale chini ya migomba. Sisi ndio tuwapitao.

Katika jambo hili hatumshitaki mtu ila tumejishitaki wenyewe kwanza. Ada ya shule ya misheni, ambamo tulifunzwa kuandika maneno kama haya, ililipwa kwa mbege. Mzazi wetu alipika kila juma, akauza kata kwa kata, na fedha zile akazifunga katika pindo la kanga mpaka siku ya kufungua shule. Tulipopata kazi, katika mwaka ule wa kwanza, tulipita sokoni pamoja na wakubwa wa ofisi, tukamwona ameketi nyuma ya pipa lake. Tuligeuza uso, tukajifanya twasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Alituona. Jioni hakusema neno, ila alituuliza kama tumekula. Sasa amekwisha fariki, nasi hatukumwomba radhi. Ndiyo maana twaandika.

Rafiki yetu aliposikia habari hiyo, alikaa kitambo na kata mkononi. Kisha akasema lake: kwamba mwezi uliopita alilipa deni la chupa kabla ya kulipa ada ya mwanawe, na chupa zile nyingi hakuzinywa yeye, bali aliwanunulia watu ili wasimwone mnyonge. "Na kati ya zote," akasema, "siwezi kukumbuka ladha ya hata moja."

Sisi twaona hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Anywaye ili aonekane hana kipimo, kwa kuwa macho ya watu hayashibi. Aonjaye ana kipimo ndani ya ulimi wake. Akiisha kujua alichokijia, huinuka. Kata mbili zilitutosha jioni ile, na mazungumzo yetu yalikuwa marefu kuliko ya chupa kumi.

Hatusemi kwamba kila pombe ya kienyeji ni njema. Kuna ipikwayo kwa maji machafu, na kuna gongo, ambayo imepofusha na kuua watu; hiyo tuiepuke kabisa. Wala mbege iliyo njema haimfai mwenye kuendesha gari, wala haiwi dawa ya ulevi. Bali tumchague mpishi aliye safi, tumlipe bei ya haki bila kukopa, na kazi yake ikiwa nzuri tumwambie kwamba ni nzuri. Na chama chetu kinapofanya karamu, twashauri pipa moja la mbege liwekwe mezani kando ya chupa na soda, na aliyeipika aalikwe kuketi pamoja nasi, asiachwe nyuma ya jiko.

Tulipoaga, mama alituuliza tutarudi lini, ili apime ndizi. Rafiki yetu ndiye aliyejibu. Akasema, "Mwisho wa mwezi, Mama, nikiisha kulipa ada." Mama akamwambia kwamba msesewe ataupunguza.

Sisi wenu katika kazi,
MWONJA KATA