Tuitetee michezo ya watoto wetu kabla bajeti haijafungwa



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Aliyetuumba katika umbo lililo bora na Akatukabidhi viungo vyetu kuwa amana ambayo tutaulizwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, huku kwetu Masasi na Newala huu ni msimu wa korosho. Minada inaendelea, wakulima wanafuatilia malipo yao, na kila kilo inayouzwa inaacha ushuru katika halmashauri. Msimu huuhuu ndio ambao vijiji vinaanza kupanga vipaumbele vya mwaka wa fedha ujao, utakaoanza Julai 1. Kwa sababu hiyo tumeona wiki hii tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kusikika misikitini, nalo ni fedha za michezo na mazoezi ya watoto wetu. Tunauliza ni kwa nini kila Serikali inapobana matumizi fedha hizo huwa za mwanzo kuondolewa, na ni kipi sisi wananchi wa chini tunaweza kukifanya.

Jambo hili lina historia. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulisoma katika kipindi ambacho michezo ya mashuleni ilipigwa marufuku, marehemu Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu. Michezo hiyo ilirejea katika awamu ya nne. Kisha mwaka 2016 Serikali ikasitisha mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, ili fedha zake zielekezwe kwenye madawati. Desemba ya mwaka huohuo, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Yaani katika mwaka mmoja watu wazima walihimizwa kukimbia, na watoto walisimamishiwa mashindano yao.

Tuseme haki. Madawati yalikuwa dharura ya kweli. Hakuna mzazi aliyefurahi kumwona mwanawe anaandika akiwa amekaa sakafuni, na mashindano yalirejea mwaka 2017 jijini Mwanza. Mkoa wetu wa Mtwara ukayapokea mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Hatuandiki haya kulaumu uamuzi uliokwisha kupita. Tunaandika kwa sababu uamuzi wa namna ile unaweza kurudi mwaka wowote, na hata usiporudi kwa tangazo la Wizara, unafanyika kimyakimya kila mwaka katika meza ya kijiji, ya kata na ya halmashauri, pale mstari wa michezo unapofutwa ili mstari mwingine utimie.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuyagawa masilahi katika daraja tatu: yaliyo ya dharura, yaliyo ya haja, na yaliyo ya kupamba. Mpangaji wa bajeti anayefuta fedha za michezo anaiweka michezo katika daraja la tatu. Kwake ni pambo, na pambo husubiri. Hoja yetu ni kwamba amekosea daraja. Afya ya mwili inaingia katika kuhifadhi nafsi, moja ya mambo makuu matano ambayo sharia imekuja kuyalinda. Ibada zenyewe, kuanzia kisimamo cha usiku hadi safari ya Hijja, zinataka mwili unaoweza.

Tutazame pia alivyofanya Mtume (SAW) mwenyewe. Wengi wetu tunajua kwamba alishindana mbio na Mama Aisha (RA), na kwamba alimwacha awatazame Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi. Lakini lipo tukio jingine ambalo halitajwi sana, nalo limepokewa na Imamu Bukhari. Mtume (SAW) aliandaa mashindano ya farasi Madina. Farasi waliofunzwa aliwapangia masafa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, na wale ambao hawakufunzwa akawapangia masafa mafupi zaidi, kutoka Thaniyya hadi Msikiti wa Bani Zurayq. Abdallah bin Umar (RA) alikuwa miongoni mwa washindani.

Tuzingatie mambo matatu hapa. La kwanza, aliyeandaa mashindano yale ni kiongozi wa dola, wala hakuwaachia wenye farasi wajipangie wenyewe. La pili, asiye na mafunzo hakuachwa nyuma wala hakulazimishwa kushindana na aliyemzidi, bali aliwekewa masafa yake. La tatu, mwisho wa mbio za farasi ambao hawakufunzwa ulikuwa ni msikiti. Basi anayedhani kuwa msikiti na kiwanja ni maadui, aitafakari ramani hiyo ya Madina.

Tukija katika zama zetu, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa angalau dakika 60 kila siku, na mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Mwaka 2019 shirika hilo lilieleza kuwa duniani kote, vijana 81 katika kila 100 wa umri wa miaka 11 hadi 17 walioko shuleni hawafikii kiwango hicho, na kwa wasichana ni 85 katika kila 100. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa takribani robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na 9 katika kila 100 wana kisukari. Magonjwa haya hayapo mijini pekee. Tunawazika wazee wetu kwa ajili yake huku vijijini pia.

Wapo wazee wetu watakaosema, na tunawaheshimu kwa kusema hivyo, kuwa mtoto wa kijijini anapalilia mikorosho, anatembea kwenda shule, na binti anabeba ndoo ya maji kichwani. Mazoezi gani zaidi anayahitaji? Tunajibu kwa adabu kwamba kazi huchosha mwili, lakini haimfundishi mtoto kushindwa bila ugomvi, kumpa mwenzake pasi, kutii filimbi ya mwamuzi na kuja kwa wakati. Tena nguvu ya kijana isiyopata kiwanja haikai bure. Inakwenda kijiweni, na siku hizi inakwenda kwenye simu, kujaza mikeka ya kubeti juu ya mpira unaochezwa na watu wengine nchi za mbali.

Hapo pana jambo la kumshtua kila mzazi wa Kiislamu. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, Serikali iliamua asilimia 5 ya kodi ya michezo ya kubashiri matokeo ielekezwe kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Nia ya kuipatia michezo fedha tunaiunga mkono. Lakini sote tunajua hukumu ya kamari. Ikiwa sisi hatutaidai sehemu ya watoto wetu katika mapato ya halali, tutafika mahali ambapo mpira wa mtoto mmoja unanunuliwa kwa hasara ya kaka yake.

Na mapato ya halali yapo, tena ya jasho letu. Tangu mwaka 2017 ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, baada ya kushushwa kutoka asilimia 5. Tuchukue mfano wa korosho iliyouzwa kwa shilingi 3,000 kwa kilo. Kila kilo inaacha shilingi 90, na gunia moja la kilo 80 linaacha shilingi 7,200. Sasa tutazame upande wa shule. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati yake 6,000 ndizo zinazoingia katika akaunti ya shule, kwa kuwa 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 500 inapata hivyo shilingi 250,000 kwa mwezi, na humo yatoke matengenezo, mitihani, vifaa vya ofisi na michezo. Si ajabu basi kuona watoto wanacheza chandimu kwa mpira wa matambara chini ya mikorosho, ilhali gunia moja tu la mikorosho hiyo linaacha ushuru unaozidi sehemu ya mtoto mmoja ya mwaka mzima.

Mwaka 2018, sheria ilipobadilishwa na mgawo wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje uliokuwa ukirudi kuendeleza zao ukaelekezwa wote Mfuko Mkuu wa Serikali, Kusini yote ilizungumza. Wabunge walisimama bungeni, na wakulima waliijadili habari ile kila penye kivuli. Mstari wa michezo ulipofutwa mwaka 2016, nani alizungumza kwa niaba ya watoto? Fedha isiyo na msemaji huondoka bila kelele, na aliyeiondoa hupata hoja ya kusema kuwa hapakuwa na aliyeihitaji.

Basi tufanye nini? Hatuiti maandamano wala matusi mitandaoni. Dini yetu imeujenga uhusiano wa raia na kiongozi juu ya nasaha, na sheria za nchi zimetupa mahali pa kuitolea.

Kwanza, ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo. Tukutane mapema baada ya swala ya Ijumaa, tukubaliane hoja moja inayoeleweka: katika mpango wa kijiji wa mwaka ujao uwemo mstari wa michezo ya watoto, wenye kiasi kilichotajwa, na muhtasari uandikwe. Kina mama nao waje. Binti anayecheza netiboli ni wao wanaomruhusu au kumzuia, kwa hiyo sauti yao ina uzito mkubwa hapo.

Pili, ni kamati ya shule. Wajumbe wake ni wazazi wenzetu. Tuwaombe watusomee mapato na matumizi, tujue kilichoingia na kilichokwenda kwenye michezo. Tusiende kama wapelelezi. Walimu wetu wanafanya kazi kubwa kwa fedha kidogo, na wakiona tumesimama nao watatueleza upungufu ulipo.

Tatu, ni diwani wetu na Kamati ya Maendeleo ya Kata, kabla Baraza la Madiwani halijapitisha bajeti. Barua yetu isiwe ya Waislamu peke yao. Watoto wa majirani zetu Wakristo wanacheza kiwanja kilekile na watoto wetu, na Masasi tumezoeana tangu enzi za babu zetu. Tuwafuate viongozi wa makanisa, wazee wa vitongoji na makocha wa timu za mitaani, wote watie saini.

Nne, ni ardhi. Fedha ikikatwa leo huenda ikarudi kesho, ila kiwanja kikishagawiwa hakirudi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kijiji kina mamlaka ya kusimamia ardhi yake. Tuhakikishe viwanja vyetu vimeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, na mipaka yake inajulikana.

Tano, nasi tuanze na tulicho nacho. Zanzibar, vikundi vya mazoezi ya viungo vya mitaani hukusanyika kila Januari 1 kutoka Unguja na Pemba, wanaume kwa wanawake, na viongozi wa nchi huungana nao. Kamati ya msikiti inaweza kuwapangia vijana wa madrasa muda wa mazoezi baada ya Alasiri na kuumaliza kabla ya Magharibi, mabinti wakawa na siku yao, walimu wao wa kike na mavazi ya stara. Hofu ya mchanganyiko na ya kupitwa na swala ni hofu ya haki, na dawa yake ni utaratibu. Hata hivyo, mchango wetu usigeuzwe kisingizio cha Serikali kujitoa. Tunachangia huku tunadai.

Ndugu zetu, mtoto hana kura wala hahudhurii mkutano wa kijiji. Anasubiri mtu mzima anyooshe mkono kwa niaba yake. Mkutano ujao ukitangazwa, tusiuache uwe wa watu kumi na mwenyekiti. Twende, tukae mbele, na hoja yetu iwe imeandikwa.

Tunamuomba Allah (SW) Awape watoto wetu afya, elimu na tabia njema, na Awaongoze viongozi wetu katika yaliyo na manufaa kwa waja Wake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.