Kabla ya kununua tairi, mnunulie dereva glavu



Kuanzia Juni hadi Agosti, huku kwetu Njombe, Makete na Mufindi, baridi inabana kweli. Maziwa na viazi haviachi kusafiri kwa sababu hiyo, na vinasafiri kwa pikipiki, mara nyingi alfajiri. Leo naomba tuzungumzie anayeendesha pikipiki hiyo. Msimamo wangu ni huu: nguo za baridi za dereva ni kifaa cha kazi kama tairi na breki, na mwenye pikipiki anapaswa kuzigharamia.

Wengi wetu tunaona baridi ni jambo la kuvumilia. "Kijana huyo, atazoea." Lakini vidole vilivyokufa ganzi havizoei. Breki ya mbele na klachi vinabanwa kwa vidole. Pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kubana breki, hizo ni mita 17 kuelekea kwa mtoto au ng'ombe aliyekatiza barabara. Nyuma yake kuna mzigo wako, au mkeo na mtoto mgongoni.

Tena upepo huongeza baridi. Asubuhi ya nyuzi joto 5, dereva wa mwendo huo ngozi yake iliyo wazi inapata baridi kama ya nyuzi 2 chini ya sifuri. Kwa hiyo sweta zito peke yake halitoshi, maana upepo unapita katikati ya nyuzi zake. Vijana wanaovaa jaketi kinyumenyume, mgongo ukiwa mbele, tunawacheka bure. Wamegundua kwamba upepo unaingilia kwenye zipu, na wameuziba.

Vipi kuhusu nguo za umeme?

Nimeulizwa kuhusu jaketi na glavu zenye nyaya za kupasha joto, zile zinazotumiwa na waendesha pikipiki wa Ulaya na Marekani. Zinafanya kazi, lakini zimetengenezwa kwa pikipiki kubwa. Jaketi moja huweza kuvuta wati 75 hadi 100, wakati taa ya mbele ya pikipiki zetu ni kama wati 35. Pikipiki ndogo ya cc 125 au 150 haina umeme wa ziada wa kiasi hicho. Utaunguza nyaya au utamaliza betri. Glavu zenye betri zake zenyewe hazina tatizo hilo, ila zinahitaji kuchajiwa kila siku na chaji yake ni ya saa chache. Fedha hiyo ina kazi bora zaidi.

Nunua hivi, kwa mpangilio huu

Kwanza, glavu. Chagua za ngozi au za kitambaa kisichopitisha upepo, zisizobana, na ambazo bado utaisikia breki ukiibana. Vidole vinavyobanwa havipati damu, na bila damu hakuna joto. Kwenye usukani, funga vizuia upepo vilivyokatwa kutoka dumu la plastiki, ila hakikisha haviegemei breki wala klachi.

Pili, kifua na shingo. Kwenye mtumba utapata majaketi mazuri ya nchi za baridi. Kabla ya kulipa, weka kitambaa mdomoni, upulize, mkono ukiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi yako, upepo utapita pia. Kama huna uwezo wa jaketi, vaa koti la mvua juu ya sweta, au panga magazeti kifuani chini ya shati. Shingoni vaa boshori. Skafu ndefu na ncha za khanga ni hatari, zinaweza kunaswa na mnyororo au spoku.

Tatu, ukavu. Fulana iliyolowa jasho la kupakia magunia itakupoza njia nzima. Beba nyingine kavu ubadilishe kabla ya kuondoka. Miguuni, gambuti na soksi moja nene ni bora kuliko soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana.

Pombe kali si dawa ya baridi. Inapeleka damu kwenye ngozi, unahisi moto, kumbe joto la mwili linatoka. Na mikono iliyokufa ganzi usiipashe kwenye ekzosi, utaungua bila kuhisi. Iweke kwapani. Kama kidole gumba kinashindwa kugusa kidole cha mwisho cha mkono huohuo, simama. Huyo si dereva tena kwa wakati huo.

Sasa nirudi kwako, mwenye pikipiki na mwenye mzigo

Mwenye pikipiki, unapokea hesabu kila siku. Tairi likiisha unanunua, kwa sababu unajua bila tairi hakuna hesabu. Glavu za mtumba na boshori havifiki bei ya tairi. Usimwachie kijana ambaye akitoa hesabu yako anabaki na hela ya mafuta na ugali tu. Ziandikeni kwenye mkataba, kama mnavyoandika matengenezo.

Na wewe mwenye mzigo, tofautisha. Maziwa hayasubiri, lazima yafike kituoni mapema. Viazi vinasubiri. Kumtoa mtu saa 11 alfajiri kwa gunia ambalo lingeweza kuondoka saa 2 jua likiwa limechomoza ni kumwingiza kwenye hatari isiyo na faida kwako wala kwake.

Kabla Juni haijafika, mwulize dereva wako swali moja: "Mikono yako ikoje asubuhi?" Kisha angalia amevaa nini.