Draiva ichaguliwe kwa ampea, si kwa bei

Wajasiriamali wengi wanaojiundia mashine ndogo za kuchonga nakshi hugharimia mota, kisha hununua draiva yoyote ya bei ya chini, ilhali ndiyo inayoigawia mota umeme. Huko ni kutupa mtaji.

Mota ya hatua kwa kawaida hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Ikikosa nguvu huruka hatua, na ubao huharibika. Mota nyingi za NEMA 23 hutaka ampea 3 hivi. Draiva ya A4988 hubeba takribani ampea 1 bila bati la kupoozea, na kikomo chake ni 2. DM542 hufikia ampea 4.2, hivyo inatosha.

Tunawashauri mafundi wasome kwanza ampea za mota, ndipo watoe fedha. Rahisi huvunja upishi.