ZAKA YA KILO MBILI NA MGONJWA WA MWAKA MZIMA

Ndugu Waislamu, mtama na uwele unapoingia ghalani hapa Singida, zaka hutolewa na aghalabu hugawiwa siku moja: kilo mbili huyu, kilo mbili yule, kisha tunaondoka tukidhani dhima imetutoka. Mtindo huu tunaupinga, na hoja yetu ni mgonjwa ambaye haumfai kitu.

Yapo maradhi ya uvimbe sugu wa utumbo. Aina zake kuu ni mbili: maradhi ya Crohn, yaliyopewa jina la daktari wa Marekani aliyeyaeleza pamoja na wenzake mwaka 1932, na maradhi ya vidonda vya utumbo mpana. Mtu huharisha, mara nyingi damu, hukonda, hupata nafuu, kisha hurudi pale pale. Huku kwetu hudhaniwa amiba, au kifua kikuu cha tumbo, au (na hili ndilo ovu zaidi) jini. Wanaojiita masheikh humuuzia kombe na hirizi mpaka mbuzi wake wa mwisho. Hao wanakula mali ya mgonjwa kwa batili, na hatuoni haya kulisema.

Maradhi haya hayajulikani kwa kukisia. Huhitaji kipimo cha kamera ndani ya utumbo, nacho hufuatwa Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam. Kisha dawa kwa miaka. Kadi ya CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Yaliyo mbele ya hapo yalimwangukia mgonjwa.

Mtasema: zaka ni ya mafakiri, si ya wagonjwa. Naam, Surat At-Tawba aya ya 60 imetaja mafungu manane, na maradhi hayamo. Lakini mkulima asiyeweza kushika jembe kwa kwenda chooni mara kumi kwa siku, huyo ni nani kama si fakiri? Tena Imam An-Nawawi katika Minhaj ameipa nguvu kauli kwamba fakiri hupewa kitakachomtosha umri wake. Wengine wakasema mwaka. Kilo mbili hatukuziona humo.

Sheria imemruhusu kula mchana wa Ramadhani, na asiyetarajia kupona hutoa fidya. Sisi tunamnyooshea kidole. Wakristo wana hospitali za Makiungu na Itigi, ambako Waislamu wenzetu hutibiwa. Sisi tunashindana kwa minara. Uingereza wagonjwa hawa wana chama chao tangu 1979.

Basi kamati za misikiti, kabla ya mavuno yajayo, zitenge katika zaka ya biashara, ile ya fedha taslimu inayotoka kwa wafanyabiashara wa alizeti na kuku, fungu la fakiri mwenye maradhi sugu. Akabidhiwe mwenyewe, kwa siri, bila kupigwa picha: nauli yake na ya msindikizaji, gharama ya kipimo, na dawa za mwaka.