Baraza la falsafa likakae stendi ya boda

Jinja na Mbale za Uganda zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, na tukizungumzia usafiri wake tunakimbilia lami, taa na stendi mpya. Nadhani tumeruka hatua. Kabla ya kuamua barabara ipite wapi, tuulize wanaoitumia wanaionaje. Hilo ni swali la falsafa ya utambuzi, na pa kuliulizia ni mabaraza ya jioni ya wanafunzi, yasiyo na mtihani wala posho: katika Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa Mbale mwaka 1988, au kampasi za Chuo cha Biashara cha Makerere katika majiji yote mawili.

Mwaka 1938 James Gibson na Laurence Crooks wa Marekani walieleza kuwa dereva haioni barabara kama ramani. Anaona mbele yake uwanja wa kupita salama, unaopanuka na kusinyaa kila anapokwenda. Baadaye, katika kitabu chake cha 1979, Gibson alishikilia kwamba vitu tunaviona kwa yale vinavyotuwezesha kuyafanya. Chukua mtaro ulio wazi kando ya barabara. Kwa mwenye gari, ni ukingo wa lami basi. Kwa mama aliyejitwika kikapu cha matooke, asiyeweza kuinamisha shingo atazame miguu yake, ni shimo analolipima kwa ncha ya kandambili. Kwa kijana wa boda, ubao uliolazwa juu ya mtaro huohuo ni njia ya mkato. Na boda zenyewe hazikubuniwa na mpangaji yeyote: zilianzia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, pale wenye baiskeli walipouona mwendo mrefu kati ya vituo viwili vya forodha kuwa ni abiria wanaosubiri kubebwa. Aliyekuwa ofisini hakuuona.

Watasema falsafa haizibi mashimo. Ni kweli, lakini hata fedha za njia ya miguu isiyopitika zimepotea vilevile. Wengine watasema kila mtu ana macho yake, kwa hiyo hapapatikani msingi wa kupangia mji. Hapana: upana wa mtaro unapimika, na hatua ya mtoto wa shule inapimika; hatari imo katika tofauti ya hivyo viwili. Pingamizi lililo zito ni jingine, kwamba wanafunzi si mama wa matooke, nao wanaweza kuishia kumsemea tu. Ndiyo maana baraza lisifungiwe chuoni. Likae stendi ya boda, kwa Lusoga kule Jinja, kwa Lumasaba kule Mbale, mhandisi wa jiji akialikwa kusikiliza kwanza. Likichora mtaa mmoja tu jinsi unavyopitwa saa ya mvua, mchoro huo umfikie mhandisi kabla zabuni haijatangazwa, maana mkandarasi akishasaini mkataba, kuhamisha kivuko hata hatua kumi ni gharama mpya.