Mbolea ya Ruzuku Haitaki Dalali

Katika Soko la Burma, Nairobi, mnunuzi wa nyama huitazama kwa macho yake na kuangalia mizani kabla hajatoa fedha. Mbona basi baadhi yetu katika skimu twampa dalali kitambulisho atutafutie mbolea ya ruzuku?

Mwaka 2023 Serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 kutoka Sh. 3,500 hadi Sh. 2,500. Kujiandikisha kwa chifu ni bure. Taja kwa kweli ukubwa wa shamba na mimea yako, maana hesabu ya mifuko hutokana na hayo. Ujumbe ukifika katika simu, nenda ghalani mwenyewe na kitambulisho chako. Ampaye dalali kitambulisho, ampa na mavuno.